Hofu ya mwendesha mchezo mpya hutibiwa kwa karatasi moja

Mwendesha mchezo mpya wa Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani ambamo yeye husimulia hadithi, wenzake huigiza wahusika na madadu huamua matokeo, huogopa kusahau kanuni. Kinachomkwamisha mezani ni kingine kabisa: ameandika kurasa 20 za historia ya ufalme, halafu mchezaji anamuuliza mwenye nyumba ya wageni anaitwa nani, naye hana jibu.

Andaa karatasi moja. Juu kabisa weka maneno ya kufungulia, neno kwa neno, maana dakika ya kwanza ndipo sauti hutetemeka: "Mvua inanyesha. Mkokoteni umepinduka njiani, farasi amekufa, mshale uko shingoni. Mnafanya nini?" Chini yake andika majina 10 ya watu, ukikata kila unalotumia, sehemu tatu za kwenda, na namba za adui.

Hapo kwenye namba ndipo wengi huharibu. Kwa kanuni za mwaka 2014, goblini, zimwi dogo, ana uhai 7, na mshale wake huumiza kwa dadu la pande 6, jumlisha 2. Goblini wanne dhidi ya wahusika wanne wa ngazi ya kwanza ni kama nguvu sawa, kumbe kwa hesabu ya kitabu hilo ni pambano la hatari ya kifo. Chukua mchawi mwenye uhai 7. Dadu la shambulio, lenye pande 20, likidondoka 20, madadu ya madhara huwa mawili. Yakitoka 6 na 6, pamoja na ile 2, jumla ni 14. Saba zinamwangusha, saba zilizobaki zinalingana na uhai wake wote, basi amekufa papo hapo. Anza na goblini wawili. Wa tatu mfiche vichakani, umtoe pambano likiwa jepesi mno.

Kanuni ikikupotea, usipekue kitabu watu wakikutazama. Taja namba ya kufikiwa, 10 kwa jambo rahisi, 15 kwa la wastani, 20 kwa gumu, dadu lirushwe, kisha sema, "Leo tunaamua hivi, nitaisoma baadaye." Kinachowachosha wachezaji ni kusubiri.

Meza ikinyamaza, usimuulize kila mtu. Swali la wote halina mwenyewe. Mwite mhusika mmoja: "Asha, mshale una manyoya meusi. Unaugusa?" Wakielekea usikokutarajia, omba mapumziko ya dakika 10, kisha hamishia huko mojawapo ya zile sehemu tatu.

Na mkono ukitetemeka, upe penseli, uandike uhai wa goblini unavyoshuka: 7, 4, 0.