Siku ya Kugeuza Omena

Jumamosi usiku, Oktoba

Leo sijaandika makala mpya hata moja kwenye blogu yangu ya mapishi, na bado naihesabu kuwa siku ya kazi. Zamani ningelala najilaumu.

Asubuhi nilikuwa kwa mama, huku Dunga, ufuoni Kisumu. Tangu Agosti, Ziwa Victoria lilipofunguliwa tena kwa omena, dagaa wa kwetu, baada ya ile miezi minne ya kufungwa inayoanzia Aprili, mama hana Jumamosi. Kesho ni Jumapili, siku kubwa ya soko la Kibuye, na mzigo lazima uwe umekauka. Ananunua omena mbichi alfajiri kwa wavuvi waliokesha na taa, anaimwaga juu ya neti kuukuu, kisha kazi inaanza: kuigeuza. Si mara moja. Anapita, anakoroga kwa kiganja, anarudi kivulini, anakunywa chai, anapita tena. Nikamuuliza kwa nini hanunui karai moja zaidi badala ya kuhangaika na hii hii. Akaniangalia kama mtu niliyemtukana kidogo.

"Nyathina, niongeze ya nini na hii haijakauka?"

Isiyogeuzwa inavunda upande wa chini. Ikinyeshewa, au ikianikwa mchangani, haiendi tena kwa mama wa nyumbani, inaenda kwa wanaosaga chakula cha kuku, na bei yake unaijua kabla hujauliza. Nilirudi nyumbani Nyalenda na tuktuk nikiifikiria blogu yangu.

Nilianza kuandika 2020, wakati wote tumefungiwa ndani na kazi yangu ya dukani imekwisha. Nikaandika ninachokijua: mboga za kwetu na samaki. Osuga, yaani mnavu, upikwe vipi usiwe mchungu (maziwa, na subira ya siku moja). Apoth, yaani mrenda, na magadi. Akeyo, yaani mgagani. Kwa Kiswahili, kwa sababu hicho ndicho ninachokiandika vizuri, na kwa sababu jirani yangu ni Mluhya na yule wa juu ni Mkisii, na hao ndio niliowaona kichwani nikiandika. Mahali fulani nikasoma kwamba mwanablogu hodari huchapisha kila siku. Nikatii. Mwezi mmojawapo nilichapisha makala 31. Ya kumi na tisa ilikuwa juu ya faida za kunywa maji. Nani alikuwa anangoja mimi, kutoka Nyalenda, nimwambie anywe maji?

Pesa za AdSense, matangazo ya Google kwenye blogu, zilikuja kwa senti, senti kweli za Kimarekani, zikijikusanya kama maji ya mfereji wenye mgao. Ukifika dola 10, Google hukutumia barua, barua ya karatasi, yenye PIN ya tarakimu sita, kuhakikisha kwamba anwani uliyoandika ina mtu. Bila hiyo hulipwi. Nami sanduku la posta sina. Nani wa umri wangu ana sanduku? Niliandika la baba mdogo, huko Maseno, alilolikodi enzi za kufundisha na hajawahi kuliachilia.

Wiki tatu, kimya. Sita, kimya. Una miezi minne tangu PIN ya kwanza itolewe. Isipoingizwa, matangazo yanaondolewa kwenye kurasa zako. Nikaomba barua ya pili. Nikampigia baba mdogo.

"Ah, hiyo bahasha ya wazungu? Niliiona. Nikasema hawa ni wale matapeli wanaotaka namba ya siri ya benki. Nimeificha vizuri."

"Vizuri wapi, Baba?"

Ndani ya Biblia ya Kijaluo, kwenye Ufunuo. Nikapanda matatu hadi Maseno siku hiyo hiyo, nikala ugali wao kwa heshima zote huku macho yangu yako kabatini. Nilipoingiza zile tarakimu sita nikiwa bado sebuleni kwake, aliuliza kama sasa pesa imeingia. Nikamwambia bado, sasa wameamini tu kwamba nipo. Akacheka sana. "Na sisi hapa tuliamini muda wote, na hatukulipi."

Kutoka hapo hadi dola 100, ambacho ndicho kiwango cha chini cha kulipwa, ilinichukua miezi kumi na minne. Ndugu yangu mdogo alikaribia kuifanya ishirini. Yuko chuo, ana marafiki, ana moyo mzuri. Jioni moja Kondele waliketi wanane wakabofya matangazo kwenye blogu yangu hadi bando likaisha, ili "kumpiga jeki sista". Mashine huliona hilo haraka kuliko mama anavyoona gorogoro, lile kopo la kupimia, lililobonyezwa kitako. Mapato ya siku ile yalifutwa, na matangazo yakapunguzwa kwa muda hadi nikaona kurasa zangu zimekuwa nyeupe kama sahani iliyooshwa. Sikumgombeza. Nilimweleza tu: msomaji akibofya kwa sababu anahitaji kitu, sawa, akibofya kwa sababu ananipenda, ananiua.

Malipo ya kwanza yaliingia benki tarehe 24 (huwa ni kati ya 21 na 26 ya mwezi unaofuata). Zaidi kidogo ya shilingi elfu kumi na mbili, baada ya benki kukata chake. Kwa miezi ile yote. Mama aliuliza ni mshahara wa wiki au wa mwezi, nikabadilisha mazungumzo.

Ndipo nikanunua daftari. Mama ana lake, la jalada la bluu, anaandika gorogoro ngapi zimetoka, nani amekopa, nauli ya mkokoteni. Mimi nilikuwa nimefanya biashara miaka miwili bila kujua gorogoro langu ni nini. Nikaamua ni saa. Kila kazi, saa ngapi. Kila makala, imeleta nini. Nilijaza kwa miezi mitatu nikaketi kulisoma, na sikupenda nilichosoma.

Katika makala zangu mia mbili na kitu, tisa ndizo zilizokuwa zinaleta zaidi ya nusu ya wasomaji. Tisa! Iliyoongoza niliiandika mchana mmoja kwa hasira, baada ya mgeni kutafuna mchanga mezani kwangu na kusema kwa upole kwamba ni pilipili manga. Ni makala ya kuondoa mchanga kwenye omena: unaziloweka kwa maji moto, unaziosha kwa mikono miwili mara tatu au nne, unamwaga taratibu ili mchanga ubaki chini, usizimwage zote kwa pupa. Basi. Na wanaoisoma si watu wa Kisumu tu. Wako Marekani, wako Uingereza, wamebebewa omena kwenye sanduku la nguo na wako jikoni usiku hawana shangazi wa kumuuliza. Tangazo linaloonyeshwa kwa msomaji wa huko hulipiwa zaidi ya linaloonyeshwa kwa msomaji wa hapa, mara nyingi kwa mbali. Siupendi ukweli huo, lakini umo kwenye daftari.

Zile 31 za mwezi wa bidii? Saa zaidi ya tisini, na kwa pamoja hazikuwa zimelipa bando zilizotumika kuzipandisha.

Kwa hiyo nilianza kurudi nyuma. Nafungua makala ya zamani naisoma kama mtu mwenye njaa. Picha ni ya giza, naipiga upya mchana dirishani. Bei ya mbegu ni ya 2020, naiondoa. Msomaji aliuliza kama mitoo inapikwa pamoja na apoth, nami sikumjibu mle ndani, naongeza aya. Kichwa kilisema "Maajabu ya Mboga za Asili". Hakuna binadamu anayetafuta maajabu, anatafuta namna ya kuondoa uchungu wa osuga. Nabadilisha. Mbili nilizounganisha zikawa moja nzuri. Ile ya kunywa maji nimeifuta na sijaombwa na yeyote niirudishe.

Sasa siku zangu zina umbo. Saa kumi na moja hadi saa moja asubuhi, kabla mtoto hajaamka na kabla stima haijaanza tabia zake, naandika au narekebisha, simu iko chumba kingine. Jumanne na Alhamisi mpya, siku nyingine za kugeuza. Takwimu naziangalia Ijumaa tu. Hili la mwisho lilikuwa gumu kuliko kuacha sukari. Kuna siku nilikuwa naangalia mara arobaini, na kila mara ile hesabu inaniambia jambo lile lile kwa sauti tofauti.

Matangazo pekee hayanilishi, niseme wazi, kwa sababu wapo wanaoniandikia wakidhani nimejenga. Mwezi mzuri yanafika shilingi elfu tisa. Oktoba hadi Desemba hupanda, kampuni zinapigania wanunuzi wa Krismasi. Januari hushuka kama mtu aliyekanyaga ganda la ndizi. Kinachojaza pengo ni kazi za watu: kuwaandikia wengine makala, kupiga picha za chakula kwa hoteli ndogo, na mara chache tangazo la kulipiwa, ambalo naandika juu kabisa kwamba nimelipwa. Kuna duka moja la pembejeo lililoniahidi elfu tano nisifie mbolea yake. Nilisifia. Huu ni mwezi wa nne wa "kesho". Mbolea yenyewe sikuwahi kuijaribu, kwa hiyo naona tumedanganyana sawasawa, na makala hiyo nayo nimeishusha. Siku hizi nachukua nusu kabla, kupitia M-Pesa, na kitu ambacho sijakitia kwenye bustani yangu ya magunia sikisemi.

Na ushuru. Sheria ya Fedha ya 2023 ilileta kodi ya asilimia 5 kwa malipo ya maudhui ya kidijitali, anayekulipa anakata na kupeleka KRA, mamlaka ya ushuru. Mteja wangu wa kwanza kukata nilimwona mwizi hadi alipoonyesha cheti chake. Sasa kuna ukurasa wake daftarini, maana ile iliyokatwa inahesabiwa wakati wa kujaza ritani ya mwaka.

Nirudi leo. Mchana mama alikuja kwangu kuchukua magunia, nikamsomea kwa sauti ile makala ya omena, iliyonilisha kuliko zote. Hajawahi kuisikia. Nilipofika mahali niliposema omena nzuri huchaguliwa kwa rangi, akainua mkono.

"Nani alikwambia rangi? Vunja. Ikikatika kwa mlio, imekauka. Ikipinda, imelala na maji. Halafu nusa. Na useme iwe ya kwenye neti, hiyo ya mchangani hata uioshe hadi kesho utatafuna tu."

Miaka mitano makala hii imesomwa na watu nisioweza kuwahesabu, na aliyepaswa kuisoma kwanza alikuwa anaishi mwendo wa tuktuk kutoka kwangu. Nikaandika alivyosema, neno kwa neno, nikaondoa ile ya rangi. Tukapiga picha ya kiganja chake kikivunja omena moja. Picha ya tatu ndiyo iliyotoka vizuri, mlio karibu uusikie.

"Hiyo wanakulipa?" akauliza, anafunga magunia.

Nikamwambia kidogo kidogo. Akaniuliza yangu ni ngapi na ya kwake ni ngapi. Saa mbili usiku nimemtumia mia tano. Amepiga simu baada ya dakika moja, sauti ya mtu wa Kibuye anayejua bei yake.

"Hii ni ya kuvunja au ya neti? Kwa sababu nilikwambia mambo mawili."