North Brother: kisiwa nilichokichora bila kukikanyaga

Picha zote za North Brother Island nilizowahi kuziona hazina mtu. Ngazi zilizomeguka, rangi inayobanduka ukutani kama magamba, mti uliotoboa sakafu ya wodi ya hospitali iliyoachwa na kutokezea dirishani. Wapiga picha wachache wanaopewa kibali hukipenda kisiwa kile kwa ajili ya ukiwa wake, na siwalaumu. Lakini mimi ni mchoraji wa watu. Kila nilipozitazama picha hizo nilibaki najiuliza waliolazwa humo walikuwa na sura gani.

Kisiwa chenyewe ni kidogo, ekari 20 hivi, katika East River jijini New York, baina ya Bronx na kisiwa cha magereza cha Rikers. Jiji limekitenga kiwe hifadhi ya ndege wa majini, na bila kibali haruhusiwi mtu kushuka. Msimu wa ndege kutaga na kulea makinda, hata wenye kibali husubiri uishe. Nilifika mwezi wa Juni, katikati ya msimu huo, kwa hiyo habari ya kushuka ilikwisha kabla sijafunga mzigo. Nikaamua kukiendea kwa njia waliyopita watu waliofika pale bila kutaka.

Njia hiyo inaanzia mbali na maji, kwenye bustani ya Tompkins Square, upande wa mashariki wa Manhattan. Mwanzoni mwa karne iliyopita eneo hili liliitwa Kleindeutschland, Ujerumani Ndogo. Leo kuna baa, maduka ya nguo za mtumba na vijana wenye ubao wa magurudumu. Kwenye pembe moja ya bustani kuna chemchemi ya marumaru ya rangi ya waridi iliyochongwa na Bruno Louis Zimm mwaka 1906: watoto wawili wanatazama baharini, na chini yao kichwa cha simba kinachotoa maji. Asubuhi ile mtu alikuwa amekaa kando yake anakula mkate, mgongo ameuelekeza kwa watoto. Nilimchora pamoja nao.

Watoto wale wanawakilisha abiria wa General Slocum, meli ya mvuke iliyokodiwa na kanisa la Kilutheri la St. Mark's kwa pikiniki ya kila mwaka. Jumatano ya tarehe 15 Juni 1904 ilibeba watu 1,300 na ushee, wengi wao wanawake na watoto, maana ilikuwa siku ya kazi na wanaume walikuwa vibaruani. Waliondoka kwenye gati la East Third Street wakielekea kaskazini, bendi ikipiga muziki. Nililitafuta gati hilo, na kama nilivyotarajia halipo. Nikatembea hadi East 34th Street, nikapanda kivuko cha Soundview ambacho hufuata mkondo uleule.

Hapa niseme kwamba East River si mto hasa. Ni mlango wa bahari unaounganisha Long Island Sound na bandari ya New York, na maji yake huenda na kurudi kwa kujaa na kupwa. Mtu aliyekulia pwani huligundua mapema kwa kutazama povu kwenye nguzo za gati. Wenyeji wengi niliozungumza nao walilijua, ila hawakuona lina uzito wowote. Kwangu lilikuwa na uzito. Kisiwa kilichozungukwa na maji ya aina hii hakihitaji ukuta.

Muda mfupi baada ya kung'oa, upande wa kulia, likatokea gofu la mawe ya kijivu kwenye ncha ya kusini ya Roosevelt Island. Ilikuwa hospitali ya ndui, iliyofunguliwa mwaka 1856 kisiwa kikiitwa Blackwell's. Jiji lilipotanuka likawaona wagonjwa wako karibu mno. Katika miaka ya 1880 huduma hiyo, iliyokuwa ikiitwa Riverside Hospital, ikahamishiwa North Brother, mbali zaidi. Baada ya ndui ikaja homa ya matumbo, kifua kikuu na kila ugonjwa ulioogopwa mjini. Abiria mwenzangu aliyekuwa akisoma simu hakuinua macho. Nami nisingeinua, kama ningepita hapo kila siku.

Karibu na East 90th Street ndipo moto wa Slocum ulipojulikana. Ulianzia kwenye chumba cha taa sehemu ya mbele. Mabaharia wakakimbilia mipira ya maji. Ilikuwa imeoza, ikapasuka. Maboya ya kuvaa yalikuwa yamekaa miaka mingi mno, gome jepesi la mti (cork) lililojazwa ndani limegeuka unga. Kina mama waliwavisha watoto wao na kuwatupa majini, nao wakazama. Mashua za kuokolea watu zilifungwa kwa waya. Nahodha William Van Schaick hakuegesha kwenye magati ya karibu. Alieleza baadaye kwamba alihofia kuwasha maghala ya mbao na matangi ya mafuta yaliyokuwa ufuoni. Akasonga mbele kwa kasi, upepo ukiupuliza moto kuelekea nyuma waliko abiria, hadi North Brother.

Kivuko chetu kilipita Hell Gate, pale mikondo inapokutana na kujipinda. Miamba mingi ya hapo ilikwisha kulipuliwa. Mlipuko mkubwa kuliko yote ulikuwa wa tarehe 10 Oktoba 1885. Hata hivyo maji bado yana hila, nahisi hata injini ilibadili sauti. Daraja jekundu la reli lililo juu halikuwapo wakati wa Slocum, kwa hiyo sikulichora. Nilikuwa najaribu kuchora alichokiona mtu aliyesimama sitahani siku ile: maji, moshi, na mstari mwembamba wa kijani mbele.

Mstari huo ukawa kisiwa, kisha ukawa visiwa viwili, maana kivuko hupita baina ya North Brother na mwenzake South Brother. Kile cha kusini kiliwahi kumilikiwa na Jacob Ruppert, tajiri wa bia na mmiliki wa timu ya besiboli ya Yankees, ambaye nyumba yake ya huko iliungua mwaka 1909. Maji kidogo tu yalitenganisha mapumziko ya tajiri na wodi za wenye ndui. Nilipata nafasi ya kuchora mistari michache: bomba refu la moshi la matofali, chuma chenye kutu cha gati la zamani, na miti, miti iliyomeza kila kitu. Kisha kivuko kikakata kona.

Slocum ilikwama pembezoni mwa kisiwa hiki. Wauguzi, madaktari na wagonjwa wenyewe waliingia majini, wengine wakishikana mikono kuwa mnyororo, wakavuta waliokuwa hai na waliokufa. Walikufa zaidi ya watu 1,000. Mpaka Septemba 2001 jiji halikuwahi kupoteza watu wengi hivyo kwa siku moja. Van Schaick alifungwa katika gereza la Sing Sing, kisha Rais Taft akamsamehe mwaka 1912. Kampuni ya meli iliponyoka na faini. Kleindeutschland haikuinuka tena. Waliobaki walihamia sehemu za kaskazini za jiji. Mnusurika wa mwisho, Adella Wotherspoon, ambaye siku ile alikuwa mtoto wa miezi sita, aliaga dunia mwaka 2004. Katika yote hayo, sehemu ninayoirudia akilini ni wale wagonjwa. Mjini walihesabiwa kuwa sumu, na bado waliokolewa watu kwa mikono yao.

Miaka mitatu baadaye aliletwa hapo Mary Mallon, mpishi kutoka Ireland. Mhandisi wa afya George Soper alifuatilia homa ya matumbo iliyozuka Oyster Bay mwaka 1906, akakuta mpishi huyo alipita karibu kila nyumba iliyougua. Mwenyewe alikuwa mzima kabisa, na hakuamini kamwe kwamba alikuwa na vijidudu. Alishitaki mwaka 1909, akashindwa. Aliachiliwa mwaka 1910 kwa sharti la kutopika, akarudi kupika, na mwaka 1915 alikamatwa baada ya ugonjwa kuzuka katika hospitali ya wazazi alikokuwa jikoni. Alikaa kisiwani hadi kifo chake, Novemba 1938. Kosa lake la pili silitetei. Ila wabebaji wengine wa vijidudu hivyo waligunduliwa mjini, hata wenye kazi za chakula, na hawakufungiwa maisha. Yeye alikuwa mwanamke, mhamiaji, hana mume, na mkali wa maneno.

Gazeti moja la mwaka 1909 lilimchora akipasua mafuvu madogo juu ya kikaango, jinsi mpishi apasuavyo mayai. Nimekitazama kibonzo hicho mara nyingi. Mkono umekaa vizuri, mvuke una uhai. Ni kazi safi kwa ufundi, na ndiyo maana inaniudhi: picha inayojulikana zaidi ya mtu wa kisiwa kile imechorwa na upande uliomwogopa.

Nililala Bronx. Asubuhi nilikwenda Hunts Point, mtaa wa maghala ya vyakula na malori yasiyokwisha, hadi bustani ya Barretto Point, ambako kisiwa kinaonekana wazi ng'ambo ya maji. Mwanamke mmoja mzaliwa wa mtaa huo, mpiga makasia wa siku nyingi, alikubali kunizungusha kwa mashua yake maji yakiwa yametulia kati ya kupwa na kujaa. Alinipa sharti moja: makasia yasiguse chini.

Kwa karibu kisiwa kina kelele kuliko nilivyodhani. Ndege za uwanja wa LaGuardia hupita juu, shakwe hugombana, na upande wa South Brother minandi walikuwa wamejaa matawini. Kupitia uwazi wa miti niliona jengo kubwa la kifua kikuu, kona zake za mviringo bado zina haiba. Lilikamilika mwaka 1943, likaja kutumika kwa mambo mengine. Baada ya vita kisiwa kiliwapa makazi wanajeshi waliorudi masomoni na familia zao. Watoto walicheza hapo, na hao walikaa kisiwani bila kulazimishwa. Kuanzia mwaka 1952 wakaletwa vijana wenye uraibu wa heroini, wengine wakifungiwa vyumbani hadi dawa iwatoke mwilini. Mwaka 1963 kituo kikafungwa, taa zikazimwa.

Nilichora nikiwa nimesimamisha daftari magotini, mkaa ukilowa. Sikuchora magofu. Nilichora ukingo wa maji na nikawaweka watu: nesi mwenye sketi iliyolowa hadi kiunoni, mwanamume mwenye makovu ya ndui akimshika mkono, kijana wa miaka ya 1950 amekaa juu ya jiwe anatazama Bronx, kwao, karibu kiasi cha kusikia honi za magari.

Mwenyeji wangu alitazama, akaniuliza kama naunga mkono kisiwa kifunguliwe. Nilimwambia hapana, kiachiwe ndege, ila majina ya waliokaa humo yaandikwe pale Barretto Point.

"Ni rahisi kwako, msanii, wewe unaondoka," alisema. "Sisi tumeletewa malori, takataka za jiji zima, na jela iliyoelea majini miaka na miaka. Sehemu moja yenye miti ndiyo tunaambiwa tusiguse. Na korongo wa usiku, waliokuwa sababu kubwa ya kuifunga, walishaihama."

Nilimkumbusha kwamba ndege wakishafukuzwa South Brother hawatakuwa na pa kukimbilia. Akasema basi wanipe mimi kibali, wao wa Hunts Point wapewe bustani nyingine. Mkondo ulikuwa umeanza kuvuta. Akageuza mashua, na tukaendelea kubishana hadi gatini.