Chalkida, Mahali Alipofia Aristotle

Kwamba Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, alijitupa baharini kwa sababu alishindwa kuelewa mkondo wa maji wa Chalkida, nilisikia kwanza chuoni, nikisomea ualimu wa jiografia. Mkufunzi alikitaja kisa hicho kwa kupita tu, tulipokuwa kwenye mada ya maji kujaa na kupwa. Darasa likacheka, naye akaendelea na habari za mwezi na jua. Mimi sikucheka. Nimezaliwa Tanga, nimelelewa na babu mvuvi, na pwani yetu ilikuwa imejaa watu wasioweza kueleza kwa nini maji yanajaa na kupwa. Sikuwahi kusikia mmoja wao aliyetaka kufa kwa ajili hiyo. Walichofanya ni kuangalia mwezi, kuhesabu siku na kuulizana.

Kwa hiyo kaka yangu aliponialika kwake Athens mwaka 2018, nilimwambia mapema kwamba safari isingekamilika bila kufika Chalkida, mji wa pwani wenye mkondo ule wa kwenye kisa. Kaka alikuwa baharia, akashuka melini zamani na kufanya maisha Kypseli, mtaa wenye Waafrika wengi. Kigiriki anakizungumza vizuri. Kwetu nyumbani Wagiriki hatukuwajua kwa falsafa, tuliwajua kwa mkonge. Baba alikuwa kibarua katika shamba la Mgiriki njia ya Muheza, kabla mashamba hayajataifishwa. Aristotle kwa kaka lilikuwa jina la kwenye vibao vya barabarani.

Kabla ya Chalkida nilimpeleka mahali ambapo mwenyewe alikuwa akipita nje yake miaka yote bila kuingia: Lykeion, shule ya Aristotle. Iko katikati ya mji, mtaa wa Rigillis. Mwaka 1996 palikuwa panachimbwa ili pajengwe jumba la makumbusho ya sanaa, misingi ya kale ikaonekana, na ujenzi ukasimama. Watu wa kawaida walianza kuruhusiwa kuingia mwaka 2014. Hakuna nguzo wala paa. Ni misingi mifupi ya mawe ya uwanja wa mieleka na mabafu yake, na kandokando zimepandwa lavenda na mimea mingine yenye harufu. Anayekwenda kutafuta fahari ataondoka amekasirika. Mimi nilizunguka taratibu, maana humu ndimo alimofundisha kwa miaka kumi na miwili hivi, na inasemekana alifundisha akitembea.

Nilimsimulia kaka huku tukizunguka. Aristotle hakuwa mwenyeji wa Athens. Alizaliwa Stagira, kaskazini, mwaka 384 KK, baba yake akiwa tabibu wa mfalme wa Makedonia. Alifika Athens akiwa na miaka 17, akakaa katika shule ya mwanafalsafa Plato miaka 20. Plato alipofariki akaondoka, akaishi ng'ambo ya bahari huko Assos, kisha kisiwani Lesbos, halafu akaitwa Makedonia kumfundisha mwana wa mfalme, kijana Alexander, ambaye baadaye akawa Alexander Mkuu. Mwaka 335 KK akarudi Athens na kuanzisha shule yake. Lakini ardhi hakuweza kumiliki, kwa kuwa sheria ilimhesabu mgeni. Majengo alikuwa akipanga.

Kaka alisimama. "Miaka yote hiyo hawakumpa makaratasi?"

Nikamwambia hawakumpa. Alinyamaza, akainama kusoma kibao cha maelezo tangu juu hadi chini, kwa Kigiriki, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu tuingie. Kaka mwenyewe amepanga foleni nyingi za vibali katika mji ule. Kuanzia pale hakuuliza tena kwa nini nataka kwenda Chalkida.

Mwaka 323 KK Alexander alikufa Babeli. Athens, iliyokuwa imechoka kutawaliwa na Makedonia, ikawageukia wote waliokuwa na uhusiano na watawala hao. Aristotle alishtakiwa kwa kuikosea heshima miungu, kisa shairi alilokuwa amemtungia marehemu rafiki yake Hermias, mtawala wa Assos. Socrates, mwalimu wa Plato, alikuwa ameuawa kwa shtaka la namna hiyo hiyo miaka sabini na kitu kabla. Aristotle anatajwa kusema kwamba hatawaruhusu watu wa Athens waikosee falsafa mara ya pili. Akahamia Chalkida, kwao mama yake, ambako ukoo ulikuwa na nyumba. Mwaka uliofuata alifariki, akiwa na miaka 62 hivi. Wasimulizi wa zamani wanataja ugonjwa wa tumbo. Habari ya kujitupa majini inakuja baadaye sana, na waliopenda kuirudia ni waandishi wa Kikristo waliotaka kuonyesha mwisho wa hekima ya wapagani.

Treni kutoka kituo cha Larissa, hapo Athens, inachukua saa moja na zaidi kidogo. Kituo cha Chalkida kiko upande wa bara, na ukitoka unakutana na maji mara moja. Mlango wa bahari wa Euripos unaotenga bara na kisiwa cha Evia una upana wa mita 40 hivi pale kwenye daraja la zamani. Nilikuwa nimesoma habari zake, lakini nilipouona nilishika mkono wa kaka. Maji yalikuwa yanapita chini ya daraja kwa nguvu, yanajikunja na kutoa povu, yakielekea kusini, na hapakuwa na mto wowote. Ilikuwa bahari tupu, mchana usio na upepo.

Kwa kawaida mkondo ule hugeuka kila baada ya saa sita hivi. Lakini mwezi ukiwa nusu, kwa siku chache, mpangilio unavurugika: maji yanaweza kugeuka mara nyingi kwa siku moja, au yakang'ang'ania upande mmoja. Nilikuwa nimechagua siku hizo kwa makusudi. Kwetu ni siku za maji mafu, siku ambazo babu alikuwa akikaa kivulini kutengeneza nyavu.

Kwenye ukingo alikuwepo mzee anavua kwa mshipi. Kaka alimwamkia kwa adabu, akaniombea ruhusa ya kukaa, nami nikaanza kuuliza, kaka akitafsiri. Mzee alisema maji haya watu wa pale wanayaita ya wazimu, na kwamba tangu asubuhi yameshageuka zaidi ya alivyotazamia. Aliniambia yeye hutazama mahali mwani unapolalia kwenye mawe, maana mwani huonyesha kugeuka kwa maji kabla jicho halijaona. Kitu hicho sikuwa nimekikuta kitabuni.

Nilimweleza ninachofundisha darasani. Nguvu ya mwezi na jua huinua maji ya bahari ya Aegean, na mawimbi hayo hufika Chalkida kwa njia mbili, kaskazini na kusini mwa kisiwa. Njia ya kaskazini ni ndefu, kwa hiyo maji yake huchelewa kwa zaidi ya saa moja. Pande mbili za mlango zikawa na vimo tofauti, na maji yakakimbia kutoka palipo juu. Siku za maji mafu nguvu hiyo hupungua, ndipo upepo na kuyumba kwa maji ndani ya ghuba vinapochukua usukani. Maelezo kamili yalitolewa na Demetrios Aiginitis, mkuu wa kituo cha kutazamia nyota cha Athens, mwaka 1929. Zaidi ya miaka 2,200 ilikuwa imepita tangu kifo cha Aristotle.

Alasiri tulipanda ngome ya Karababa, iliyojengwa na Waturuki mwaka 1684 juu ya kilima upande wa bara. Mlango wote unaonekana kutoka kule. Niliketi ukutani nikamsomea kaka wosia wa Aristotle, niliokuwa nimeunakili kwenye daftari. Ndio ulionifanya niache kabisa kukiamini kile kisa. Mtu huyu anapanga. Herpyllis, mwanamke aliyeishi naye, achague nyumba: ya Chalkida iliyo karibu na bustani, au ya Stagira ya baba yake, na vyovyote atakavyochagua, wasimamizi wa wosia waiwekee nyumba hiyo samani zinazofaa. Akitaka kuolewa, asipewe mtu asiyestahili, kwa maana amekuwa mwema kwake. Mifupa ya Pythias, marehemu mkewe, iwekwe pamoja na yake, kama mwenyewe alivyotaka. Watumwa waliomhudumia wasiuzwe, na wakikua waachwe huru wakistahili.

Hapo pa watumwa nilisita, na nasita mpaka leo. Mtu huyohuyo aliandika kwamba wapo watu waliozaliwa ili wawe watumwa. Mimi natoka pwani iliyo karibu na Pangani, watu waliuzwa pale, na sitaki kumsafisha. Lakini wosia ule si wa mtu anayekwenda kujiua kwa hasira ya swali moja.

Tena mkondo wenyewe alishautaja. Katika kitabu chake cha hali ya hewa alieleza kwamba bahari huonekana kutiririka mahali pembamba, kwa sababu kule kwenye upana huyumba huku na huko. Katika kitabu cha maadili akasema nia za watu wema hutulia, haziendi na kurudi mfano wa Euripos. Na katika maandishi yake ya wanyama anawataja wavuvi tena na tena, yale waliyomwambia kuhusu samaki, ngisi na pweza. Alisema pweza ni mjinga kwa kuwa huufuata mkono wa mtu ndani ya maji. Shangazi yangu, aliyechokoa pweza miaka mingi, asingekubali, na ningependa sana kuwasikia wakibishana. Mtu wa namna hiyo akikutana na maji asiyoyaelewa huenda kumtafuta mvuvi.

Usiku tulirudi ukingoni kungoja daraja. Linafunguliwa maji yanaposimama tu, na meli zilikuwa zimepanga foleni gizani. Saa saba za usiku zilikuwa zimepita kengele ilipolia, magari yakazuiwa, sehemu mbili za daraja zikashuka na kuingia chini ya barabara. Meli zikapita moja moja karibu nasi kiasi cha kuwapungia mabaharia mkono, na kaka aliwapungia wote.

Yule mzee alikuwepo bado. Sasa aliuliza yeye: na kwenu bahari inapanda kiasi gani? Nilimwambia wakati wa bamvua yaweza kufika mita nne. Akamgeukia kaka, akidhani ametafsiri vibaya. Kaka akarudia. Mzee akataka kujua mashua zetu zinafungwa wapi, zikilala mchangani haziharibiki vipi, na nani anajua saa ya kuzirudisha majini. Nilichukua kalamu nikamchorea ngalawa, ufuo na mwezi, naye akashika daftari karibu na taa, akiuliza kila mstari ni nini.