Picha Isiyo na Turubai

Miaka ile nilikuwa nachora picha za tingatinga pale Msasani, Dar es Salaam: hadibodi, rangi ya kopo, chui na ndege wa kuwauzia watalii. Dada yangu mkubwa aliyekuwa akiishi Liverpool akanialika kwake, na siku moja tukapanda treni kwenda Chester kutembea juu ya ukuta wa kale wa mji. Mvua ikatufukuza, tukajihifadhi ndani ya kanisa kuu.

Humo ndimo nilipoiona: picha ndogo ya Bikira Maria amempakata mwanawe. Mzee mmoja wa kujitolea akatusogelea, akasema picha ile haina turubai wala karatasi. Imechorwa juu ya utando.

Dada akanigeukia. "Utando huu wa buibui? Mdogo wangu, chuoni hukusomeshwa kwamba nyumba mbovu kuliko zote ni ya buibui?"

Mzee hakujua tunacheka nini, akaendelea. Mchoraji ni Burgmann wa Innsbruck, Austria, na sura aliinakili kutoka kwa Lucas Cranach, mchoraji Mjerumani wa karne ya 16, ambaye Maria wake wa asili yuko kwenye altare ya kanisa kuu la Innsbruck. Tena nyuzi za picha hii si za buibui bali za viwavi, wale wanaoufunika mti kwa hariri yao mpaka unakuwa mweupe.

Nikasogea mpaka pumzi ikaweka ukungu kwenye kioo. Shavuni rangi ilikuwa nyembamba mno, na chini yake nyuzi zimepishana ovyo. Mimi ningeipasua kwa mguso wa kwanza. Rangi yangu ni nzito, naipaka hadibodi nzima ndipo naanza kuchora mnyama.

Kumbe kazi kubwa ilikuwa kabla ya brashi. Wachoraji wa picha hizi walikusanya tando, wakatoa majani na vijidudu vilivyokufa, wakazipanga tabaka juu ya tabaka, wakazitandaza kwenye kadi iliyokatwa tundu katikati. Kisha wakapaka maziwa yaliyotiwa maji ili zikaze. Ndipo ikaja rangi ya maji, kidogo kidogo. Inasemekana wengine walichorea kinyoya cha ndege. Ukiinua picha kwenye mwanga, sura huonekana pande zote mbili.

Ufundi huu ni wa milima ya Tirol, mpakani mwa Austria na Italia, hasa bonde la Pustertal, ambako karne ya 18 alikuwepo mchoraji Elias Prunner wa mji wa Bruneck. Nilichokipenda zaidi ni habari ya karne ya 19: mfanyabiashara wa Innsbruck, Franz Unterberger, aliwapa wachoraji kazi akawauzia watalii picha hizo. Hapo nikajiona nimefika kwa watu wangu. Hatukuwa na tofauti, wao na sisi wa Msasani: picha ndogo inayoingia kwenye begi la mgeni, na hadithi ya kumsimulia akirudi kwao. Kwa kweli hilo halikuipunguzia picha heshima machoni pangu. Iliiongezea.

Nikamuuliza mzee kama viwavi hao wapo Uingereza. Wapo, akasema, mwanzoni mwa kiangazi.

Njia nzima ya kurudi stesheni nilikuwa natazama vichaka. Dada alivumilia mpaka tukakaa kwenye treni. "Maziwa ya kwenye friji yangu ni ya chai," akaniambia. "Na wadudu wako usiniletee ndani."