Msaidizi rika wa afya ya akili: lini useme yako, lini unyamaze

Mtu akiruhusiwa kutoka wodi ya akili ya Mirembe, Muhimbili au Mathari, nyumbani watu hushusha pumzi wakidhani kazi imekwisha. Kazi ndiyo kwanza inaanza. Miezi mitatu ya kwanza baada ya kutoka wodini, na hasa wiki ile ya mwanzo, ndicho kipindi ambacho hatari ya mtu kujiua iko juu sana, na ndicho kipindi ambacho wengi huacha dawa. Tarehe ya kliniki huenda ni mwezi ujao. Katikati hapo hakuna daktari wala nesi. Kuna mama aliyechoka, kaka mwenye hasira za pesa zilizokwisha, na majirani wanaochungulia dirishani.

Pengo hilo ndilo analolijaza msaidizi rika: mtu aliyeugua mwenyewe, akapata nafuu, akafundishwa kumsindikiza mwenzake. Siyo wazo la kubahatisha. Hospitali ya Butabika, Kampala, imekuwa na wasaidizi wa aina hiyo kwa zaidi ya muongo mmoja. UPSIDES, utafiti wa kimataifa wa wasaidizi rika ulioanza 2018, uliwaweka wasaidizi rika kazini Dar es Salaam na Kampala sambamba na Ulm na Hamburg (Ujerumani), Pune (India) na Be'er Sheva (Israeli). Kenya, shirika la Users and Survivors of Psychiatry, la watu waliopitia wenyewe matibabu ya akili, limeendesha vikundi vya wenyewe kwa wenyewe, na Shirika la Afya Duniani liliviweka kwenye mwongozo wake wa 2021 kama mfano wa huduma inayoheshimu haki za mtu.

Lakini kuugua peke yake hakumfanyi mtu awe msaidizi mzuri. Kinachowaharibia kazi wasaidizi wengi wapya ni kilekile walichochaguliwa kwacho: historia yao. Wanaimwaga yote siku ya kwanza, toka sauti za kwanza hadi pingu za polisi, na mgonjwa anabaki kusikiliza, kutoa pole, mwishowe anamfariji mgeni. Ameondoka msaidizi akiwa mwepesi, mwenyeji amebaki na mzigo wa pili.

Kipimo ninachokipendekeza ni dakika mbili. Kila msaidizi aiandae historia yake katika vipande vifupi kabla hajaanza kazi: kipande cha kuacha dawa, cha kurudi kazini, cha kuonwa mwehu mtaani, cha ndoa. Kila kipande kisizidi dakika mbili kwa sauti ya kawaida, na kiishie kwenye jambo lililosaidia, siyo kwenye kilele cha ugonjwa. Kabla ya kukitoa, ajiulize mambo matatu. Je, ameniuliza, au nina hamu tu ya kusema? Je, kidonda hiki kimepona kiasi kwamba nikikigusa sitalia mimi? Na kesho kikisemwa kwenye kijiwe cha bodaboda, nitaweza kupita hapo? Jibu moja likiwa baya, kipande kinabaki mfukoni.

Kuna vitu havisemwi kabisa: jina la dawa yako na miligramu zake (mwenzako ataziomba kliniki au atazinunua duka la dawa), siku uliyoacha dawa ukawa salama, na namna yoyote uliyowahi kujaribu kujidhuru. Hizo siyo siri za aibu. Ni kwamba mtu aliye katika hali dhaifu huzigeuza kuwa maelekezo.

Ziara ya kwanza nyumbani ndiyo inayoamua mengi. Piga simu siku moja kabla, na uongee na mgonjwa mwenyewe, siyo mama yake pekee. Usivae kitambulisho cha hospitali shingoni wala fulana ya mradi. Mtaa mzima utajua umefuata nini. Saa nzima inatosha, dakika arobaini ni bora. Ukifika, wazee wasalimiwe ipasavyo, maana nyumba ikikuona huna adabu hutakanyaga tena. Baada ya hapo omba kukaa na mwenyeji wako kando: chini ya mti, barazani, hata kutembea hadi dukani. Wengine huongea vizuri zaidi wakitembea kuliko wakitazamwa usoni.

Tatizo la kawaida ni kwamba kila swali linajibiwa na mama. "Halali huyu," "hali huyu," "juzi kanitukana." Usimnyamazishe. Mwambie, "Mama, asante, nimekusikia, na nitakuja kukaa na wewe pia kabla sijaondoka. Sasa hivi naomba nimsikie mdogo wangu." Kisha utimize ahadi: dakika kumi za mama ziwe zake kweli, kwa sababu yeye ndiye anayeamka usiku. Mambo aliyokuambia mgonjwa usiyapeleke kwake.

Maswali ya kwanza yawe madogo. Ulilala saa ngapi jana? Umekula nini asubuhi? Nani ulimwona wiki hii nje ya nyumba hii? Usingizi unasema mengi kuliko "unajisikiaje," swali ambalo jibu lake siku zote ni "salama tu." Halafu kuna kimya. Mtu mwenye mfadhaiko mkubwa, au anayetumia dawa zinazomlegeza, anaweza kuchukua nusu dakika kabla ya kujibu. Msaidizi asiyezoea hujaza kimya hicho kwa mawaidha. Hesabu hadi ishirini kimoyomoyo. Mara nyingi jibu linakuja kwenye kumi na tano.

Swali la historia yako nalo litakuja, kwa kawaida ziara ya pili au ya tatu, na huja kwa mlango wa nyuma.

"Dada, hivi wewe nawe walikufunga kamba?"

"Ndiyo, kaka. Niliona aibu muda mrefu. Kilichonisaidia ni kuanza kwenda tena kwaya, nikikaa nyuma, nikiondoka mapema. Wewe kwako ilikuwaje?"

Basi. Ukweli umesemwa, kilichosaidia kimesemwa, mpira umerudi kwake. Hakuna haja ya kueleza ni nani alifunga kamba na ilikuwa ya rangi gani.

Kwenye dawa msaidizi anatakiwa ajue mpaka wake vizuri sana. Haongezi, hapunguzi, hagawi tembe zake hata kliniki imeishiwa. Lakini ana kazi kubwa mno ambayo daktari mwenye foleni ya watu themanini hana muda nayo: kumsaidia mwenzake kuandika kinachompata. Daftari la shule la kurasa arobaini na nane linatosha. Tarehe, saa ya kumeza, usingizi, na kitu kimoja kilichosumbua: mdomo mkavu, mikono kutetemeka, miguu isiyotulia, njaa isiyoisha, nguvu za kiume kupotea. Hilo la mwisho wanaume wengi hawalitamki mbele ya nesi, wanaacha dawa kimyakimya. Msaidizi akilitaja yeye kwanza, kama jambo linalojulikana na lenye ufumbuzi, dawa inaokolewa. Siku ya kliniki chagueni swali moja la kumuuliza daktari na liandikwe juu ya ukurasa, kwa sababu ukifika mlangoni kila kitu husahaulika. Siku mbili kabla, piga simu kituoni uulize kama dawa ipo, ili nauli isipotee bure.

Kuna jambo moja la dawa ambalo kila familia ingetakiwa ilijue. Mtu aliyeanzishiwa haloperidol, dawa ya ugonjwa wa akili, au aliyeongezewa dozi, anaweza ndani ya siku chache kupindwa shingo upande, macho yakavutwa juu yasishuke, ulimi ukatoka au taya likakaza. Vijana wa kiume hupatwa zaidi. Nyumbani inaonekana kabisa kama kupandwa na jini, na watu hukimbilia maombi au kwa mganga huku mgonjwa akiwa na akili timamu na hofu kubwa ndani yake. Ni athari ya dawa. Sindano ya kuirekebisha ikichomwa, misuli hulegea kwa muda mfupi, kisha daktari huongeza dawa ya kuzuia hali hiyo, kama Artane, au hubadili dozi. Aende hospitali saa hiyohiyo, hasa akishindwa kumeza au kupumua vizuri, na beba pakiti ya dawa aliyokunywa. Msaidizi aliyewaeleza ndugu jambo hili mapema, kabla halijatokea, amewaepusha na mengi.

Nimetaja maombi na waganga. Usigombane navyo. Familia nyingi zinapita kote kote, kwa shehe wa ruqya, kwa mchungaji, kwa mganga, na hospitali, na ukiwalazimisha wachague watakuficha tu. Uliza swali la vitendo: huko mnakokwenda, dawa anameza saa ngapi? Wanasema aache? Kuna kufungwa minyororo au kuchanjwa? Mfungo wa Ramadhani nao unataka mpango kabla haujaingia, maana dozi za asubuhi na mchana lazima zipangwe upya na daktari kati ya futari na daku. Anayetumia lithium, dawa ya kusawazisha hisia, asifunge bila kumwona daktari: mwili ukikauka maji, lithium hupanda kwenye damu hadi ikawa sumu. Kutapika, kuharisha, kutetemeka kwa nguvu na kuyumba kama mlevi ni dalili za kumkimbiza hospitali.

Kuhusu kujiua, uliza waziwazi: "Umefikiria kujiua?" Wengi wanaogopa kwamba swali litampa mtu wazo. Halimpi, humpa ruhusa ya kusema alichokibeba peke yake. Akijibu ndiyo, uliza kama ana mpango na kama ana kitu cha kutumia. Akiwa navyo, huondoki. Mpigie nesi au msimamizi wako ukiwa hapohapo, ndugu wafungie dawa zote na sumu za shambani, na mtu akae naye hadi afikishwe hospitali. Hii ndiyo siri pekee isiyotunzwa, na lazima umwambie hivyo siku ya kwanza kabisa, siyo siku ya tatizo: "Utakayoniambia yanabaki kwangu, isipokuwa maisha yako au ya mtu mwingine yakiwa hatarini." Fahamu pia kwa nini watu wanaficha. Tanzania jaribio la kujiua bado ni kosa la jinai. Kenya, Mahakama Kuu ilikitangua kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu Januari 2025, lakini hofu ya polisi haijaondoka majumbani. Ni aibu kubwa kwamba mtu aliyekata tamaa bado anahofia selo, na nasema hivyo bila kusita.

Mtu akishatulia, tengenezeni mpango wake. Wengi wanafuata mfumo wa WRAP (Wellness Recovery Action Plan), mpango anaouandika mtu mwenyewe wa kulinda nafuu yake, uliotokana na kikundi cha watu wenye uzoefu wa ugonjwa huko Vermont, Marekani, 1997. Usipeleke fomu iliyotafsiriwa ukaisoma kama katekisimu. Andikeni kwenye daftari lilelile, kwa maneno yake: nikiwa mzima nikoje, nini hunivuruga, dalili zangu za mwanzo ni zipi, nikizidiwa nani aitwe na nani asiitwe, hospitali ipi, dawa ipi imenikataa. Dalili za mwanzo ziwe za kuonekana kwa macho. "Kuwa na msongo" haisaidii mtu. "Nalala chini ya saa nne siku tatu mfululizo," "nafunga madirisha mchana," "naanza kugawa vitu vyangu," hizo dada yake anaweza kuziona na kupiga simu.

Sasa upande wa hospitali na miradi, ambako naona lawama kubwa zaidi. Msaidizi rika akiletwa wodini bila makubaliano, wiki ya pili atakuwa anapiga deki, ya tatu atabeba mafaili, ya nne ataitwa amshike mgonjwa achomwe sindano. La mwisho hilo likataliwe moja kwa moja. Aliyekushika kwa nguvu jana hawezi kesho kukaa na wewe kwenye benchi ukamwamini, na kwa msaidizi mwenyewe huenda likaamsha yaliyompata. Makubaliano yaandikwe: kazi zake, kazi zisizo zake, watu wangapi (watano wanatosha kwa anayeanza, wanane ni wengi), saa za kupokea simu, na malipo. Nauli na vocha siyo malipo. Hizo ni gharama za kazi. Kumwita "mjitolea" mtu anayefanya ziara kumi kwa wiki ni kumdhulumu, na hao ndio wanaoacha kazi wakiwa wameugua tena.

Awe na msimamizi wa kukutana naye angalau kila wiki mbili, siyo kukagua fomu bali kuuliza ziara ipi ilimkaa kichwani. Na awe na mpango wake mwenyewe wa kurudiwa na ugonjwa, nakala moja kwa msimamizi: dalili zake, nani ana ruhusa ya kumwambia "pumzika," nani atawachukua watu wake. Akiugua apewe likizo ya ugonjwa kama mfanyakazi yeyote, na nafasi yake imsubiri. Watu wake waambiwe ukweli kwa kiasi alichokubali yeye, mapema alipokuwa mzima: kwamba hayupo kwa wiki kadhaa, kwamba fulani atakuja badala yake Jumanne ileile, saa ileile.