Sarafu ya Kirumi iliyofutika nusu, nilivyoipatia jina na mwaka

Wengi wakishika sarafu ya kale wanakimbilia sura ya mfalme, mi huko naenda mwisho. Kwa hizi za shaba ndogo ndogo za Roma za karne ya 4 sura haikusaidii sana, Constantine na wanawe wote wamechorwa karibu sawa, taji, shingo nene, pua ndefu, na ikishasuguka ndo kabisa. Mi naanzia nyuma, chini kabisa, miguuni mwa picha.

Hii ninayoisimulia ilitoka kwenye fungu la sarafu ambazo hazijasafishwa, na muuzaji alikuwa na makaratasi ya kuonyesha zilikotoka (hili msilipuuze, nchi nyingi zina sheria kali za mambo ya kale). Ilikuwa imeganda udongo pande zote. Nikailoweka kwenye maji ya distildi, yale yasiyo na chumvi wala madini, yakichafuka nabadilisha, kisha nakwangua polepole na kijiti cha meno. Asidi hapana, brashi ya waya hapana. Ile ngozi ya kijani au kahawia iliyoota juu ndo mara nyingi inashikilia maandishi, ukiivua unabaki na kidude kinachong'aa kisicho na jina. Ila ukiona unga wa kijani mpauko unaopukutika, hiyo ni kloridi inaitafuna shaba, itenge na wenzake na uiweke pakavu.

Kabla ya kugugo chochote nikapima. Gramu 1.5, kipenyo milimita 16. Nikaandika.

Halafu nikazima taa, nikawasha tochi ya simu nikailaza ubavuni mwa sarafu ili mwanga upite juu juu, nikawa naizungusha kidogo kidogo. Vivuli vikaanza kujichora: wanajeshi wawili wamesimama wanatazamana, katikati yao bendera ya jeshi, moja. Maandishi yaliyobaki ni ...RIA EXER..., basi hiyo ni GLORIA EXERCITVS, yaani utukufu wa jeshi (V yao ndo U yetu), maarufu mno, na raha yake ni kwamba bendera zinakupa tarehe. Zilipoanza kutolewa mwaka 330 zilikuwa na bendera mbili, kwenye mwaka 335 hivi sarafu ikapunguzwa uzito na bendera ikabaki moja. Gramu zangu 1.5 zikakubaliana na hilo, ndo maana nasisitiza mizani, yaani jicho likisema kitu na mizani ikasema hicho hicho unatulia.

Miguuni pa wanajeshi nikasoma SMAN na herufi moja iliyolika. SM ni Sacra Moneta, yaani sarafu takatifu, ya mfalme, AN ni mji wa Antiokia, na herufi ya mwisho ni karakana ipi ndani ya Antiokia ilipiga sarafu hiyo, wao walizihesabu kwa herufi za Kigiriki.

Sasa ndo nikageuza kwenye sura. Imebaki ...STANTIVS NOB C. Hapa chunga sana, CONSTANTINVS na CONSTANTIVS wanatofautiana N tu, yangu baada ya TI inakuja V moja kwa moja, kwa hiyo ni Constantius II. Na NOB C, yaani Nobilissimus Caesar, ni cheo cha mrithi wa mfalme ambaye bado hajawa mfalme kamili. Baba yake, Constantine, alifariki Mei 337, Septemba mwaka huo wanawe watatu wakachukua cheo cha Augustus, yaani mfalme kamili, na sarafu zao zikaanza kuandikwa AVG. Weka pamoja na ile bendera moja: 335 hadi 337. Kisarafu kinachokaa kwenye ncha ya kidole kimejibana ndani ya miaka miwili mitatu, mi nilicheka peke yangu.

Kuhakikisha nikaingia OCRE, databesi ya bure ya American Numismatic Society inayofuata namba za RIC (katalogi kubwa ya sarafu za wafalme wa Roma), nikachagua Antiokia, Constantius II, nikaandika neno la nyuma, zikaja chache tu zenye picha za makumbusho za kulinganishia. Hizi app za kupiga picha upewe jibu mi siziamini kwa sarafu iliyosuguka. Nikakagua na ukingo kama kuna mshono au vitundu vya hewa, dalili za kumiminwa kwenye kalibu, maana za kweli zilipigwa kwa nyundo. Safi.

Ile herufi ya karakana niliihangaikia na tochi pembe zote, inaweza kuwa E au S (sita ya Kigiriki iliandikwa kama S), kwenye bahasha nimeweka alama ya kuuliza.