Siku moja kwenye karakana ya maboksi ya sabufa, Ngamiani, Tanga

Anayepita nje huona mbao, vumbi na vipande vya kapeti, akajua hapa pana seremala. Useremala upo, ila ni sehemu ndogo ya kazi. Boksi la sabufa lenye tundu la hewa ni nusu ya spika. Ukikosea ujazo wake, au urefu wa tundu lake, sabufa nzuri inakosa besi, na mara nyingi inakufa kabla ya siku zake. Ndiyo maana nimeandika siku ya kazi ilivyo, tangu asubuhi hadi boksi linapopimwa.

Saa moja na nusu asubuhi. Kufagia, kufungua madirisha, chai na mihogo. Boksi la jana gundi imekauka. Limesubiri kapeti tu.

Saa mbili. Juu ya meza kuna sabufa ya inchi 12 iliyokuja na karatasi yake ya vipimo, na hiyo ni bahati. Zinazoletwa bila karatasi ni nyingi, zimeandikwa tu wati elfu mbili kwenye sumaku, na wati haziniambii chochote kuhusu boksi. Hizo inabidi nizipime mwenyewe kwanza. Hii imependekezewa boksi la tundu la lita 50 hadi 60. Buti la gari la mteja, baada ya kupimwa mlangoni na ndani, linakubali boksi lisilozidi sentimita 62 kwa upana, 39 kwa kimo na 40 kwa kina. Nimechagua lita 55 na kulityuni kwenye hezi 34, yaani boksi lenyewe lilie kwa mitetemo 34 kwa sekunde, kwa sababu mteja anasikiliza singeli na bongo fleva, na besi ya chini ya bongo fleva hufika huko.

Kinachofanyika ndani ya boksi ni hiki. Hewa iliyo ndani ni springi, na ile iliyo kwenye tundu ni uzito unaoning'inia kwenye springi hiyo. Puliza mdomoni mwa chupa ya soda usikie: chupa tupu hulia nene, ukiijaza maji nusu mlio unapanda, maana springi imekuwa fupi na ngumu. Boksi likiwa kubwa, mlio unashuka. Tundu likiwa refu, unashuka. Tundu likiwa pana, unapanda. Helmholtz, Mjerumani, alishaieleza tabia hii karne ya 19, na Thiele wa Australia mwaka 1961, kisha Small miaka ya 1970, wakaifanya hesabu ya kutengenezea spika. Mimi natumia kalkuleta ya simu.

Kwanza upana wa tundu. Kipimo ninachokiamini ni sentimita za mraba 2.7 hadi 3.6 kwa kila lita. Chini ya hapo hewa hukimbia mno ikaanza kupuliza, fufufu, juu ya muziki. Lita 55 zinataka kama 150. Kimo cha ndani, hesabu yake inakuja hapo chini, ni 34.4, basi tundu la mstatili la 4.5 kwa 34.4 linatoa 154.8. Wengine huweka bomba moja la maji taka la inchi nne kwa sabufa ya inchi 12. Urefu wake unatoka mfupi na rahisi, sentimita 30 hivi, lakini eneo lake ni kama nusu tu ya hili, na ukiongeza sauti linapuliza.

Kisha urefu. Chukua 30,000, zidisha kwa eneo la tundu, gawanya kwa hezi mara hezi mara lita. Hapa inatoka 73. Toa 0.826 mara kipeuo cha pili cha eneo, yaani 10.3, kwa sababu hewa ya nje ya midomo miwili nayo husogea pamoja na ile ya ndani. Unabaki na 62.8. Huo ndio urefu wa tundu, ukipimwa katikati ya njia.

Ndani kina ni 36.4 tu, kwa hiyo njia lazima ikate kona: inaingia mbele, inapita ubavuni, inageuka nyuma. Sentimita 1.8 za mwanzo ni unene wa mbao ya mbele yenyewe, wengi husahau kuzihesabu. Mbao ya kwanza ya ndani ni 31.9, ili ibaki nafasi ya 4.5 nyuma ya kupitia hewa. Ya pili ni 22.8, sambamba na mgongo wa boksi.

Sasa ujazo. Kwa nje nimechukua 61 kwa 38 kwa 40. MDF, mbao ya unga wa mbao uliogandamizwa kwa gundi, ni ya milimita 18, toa 3.6 kwenye kila kipimo, ndani unapata 57.4 kwa 34.4 kwa 36.4, ambazo ni lita 71.9. Njia ya hewa pamoja na mbao zake inakula karibu lita 13. Mwili wa sabufa unakula 3. Vipande vya kukazia pembe, 0.3. Zinabaki 55.6. Fundi anayehesabu lita 71.9 na kuishia hapo anamkabidhi mteja boksi lisilo lile aliloliandika, kisha lawama inaangukia spika.

Saa nne, kukata. Juu na chini, 61 kwa 40. Mbele na nyuma, 61 kwa 34.4. Ubavu mara mbili, 36.4 kwa 34.4. Mbao mbili za ndani nazo kimo chake ni 34.4. Karatasi ya futi nane kwa nne inatumika chini ya nusu, ila kila mkato wa msumeno unakula milimita tatu, kwa hiyo nakata na kupima, sichori yote mara moja. Umeme umekatika saa nne na robo, ukarudi saa tano na nusu. Muda huo nimepiga msasa kwa mkono.

Saa sita mteja amefika na mwenzake. Kijana mwenye adabu, salamu zote amezimaliza, kisha ameinama kuchungulia boksi lisilo na kifuniko.

"Fundi, hizi mbao za ndani za nini? Zinaniminyia boksi."

Nimemweleza kuhusu njia ya hewa. Ametoa simu, amenionyesha picha ya boksi lenye mdomo mpana mbele na ndani hakuna kitu. "Kaka, huyu jamaa anatikisa mtaa mzima. Nitolee hii ya nyuma tu, hewa itoke haraka."

Hapa ndipo siku huliwa. Sina ugomvi na mteja, boksi ni lake na buti ni lake. Lakini nikitoa mbao ya nyuma, njia inabaki 33.7 na boksi linapanda hadi hezi 41. Nikitoa zote mbili, tundu linabaki unene wa mbao ya mbele tu, na boksi linaruka hadi 75 hivi. Hapo hakuna sabufa tena, kuna mdundo mmoja unaojirudia kwa kila wimbo.

"Si ndiyo vizuri? Mdundo ndio ninaoutaka."

"Mdogo wangu, kaa hapa uone."

Nimechukua sabufa nyingine ya inchi 12 iliyo kwenye boksi la zamani pale dukani, lililotyuniwa juu, hezi 45 hivi. Kwenye simu kuna programu ya kutoa mlio wa hezi unayotaka. Nimeweka 45 kwa sauti ya wastani: koni, ule uso wa spika unaosukuma hewa, imetulia, inatetemeka kidogo tu, wakati mdomo wa tundu unasukuma upepo unaousikia mkononi. Tundu ndilo linalofanya kazi, na spika inapumzika. Nimeshusha hadi 30, sauti ileile. Koni imeanza kwenda mbele na nyuma kama sentimita mbili, mlio wenyewe hausikiki, na kwa ndani kumeanza tak, tak, tak. Hiyo ni koili, waya uliozungushwa nyuma ya koni, inayogonga bamba la nyuma. Nimezima hapohapo.

Chini ya hezi ulizotyuni, springi ya hewa haipo tena. Hewa inaingia na kutoka tunduni bila kupinga chochote, na koni inaelea peke yake. Kila wimbo unaoshuka chini ya pale unaipiga koili, unachosha spaida, kile kitambaa cha mikunjo kinachoishika koili, na siku moja waya unakatika. Wateja husema spika ilikuwa feki. Nyingine ni feki kweli, lakini nyingi zilizofika hapa zimepasuka spaida zilikuwa nzima kabisa mpaka zilipoingizwa kwenye boksi la tundu fupi.

Mwenzake ameelewa mapema kuliko yeye. Mwenyewe ameuliza tena: basi tuliongeze boksi, lifike lita 90, si besi itaongezeka? Buti halikubali, na hata lingekubali, boksi likizidi mno springi inalegea, sabufa inabeba wati chache kabla ya koni kuvuka mipaka yake. Ameuliza kuhusu matundu mawili. Eneo likiwa mara mbili, urefu nao unazidi kidogo mara mbili, sasa njia ya mita 1.3 hivi itakaa wapi humu? Ameuliza bei ipungue kwa kuwa mbao imetumika nusu karatasi. Hilo nimelikataa. Mbao ni gharama moja tu ya hii kazi.

Wameondoka saa nane kasoro. Mbao zimebaki mahali pake.

Chakula, swala, kisha kuunganisha. Joto la mchana hapa na unyevu wa bahari havipendi MDF. Ukingo uliokatwa hunyonya unyevu na kuvimba, kwa hiyo kila ukingo naupaka gundi ya mbao iliyozimuliwa na maji kabla ya kufunga. Tundu la skrubu linatobolewa kwanza kwa biti ya milimita 3, skrubu za milimita 4, umbali wa sentimita 15. Ukipeleka skrubu moja kwa moja kwenye ukingo wa MDF, inapasuka katikati na huioni mpaka boksi lianze kuvuja. Na boksi linalovuja halityuniki. Kila ungio la ndani limepita silikoni isiyo na harufu ya siki, ile ya siki inaweza kula gundi za spika, na nimeacha mashimo wazi ili ikauke.

Mbao ya pili ya njia, ile ya nyuma, haijawekwa gundi. Imeshikwa na skrubu, na kifuniko cha juu nacho ni skrubu tu na ukanda wa sponji, kwa ajili ya kupima.

Jua limeshaanza kwenda upande wa Pongwe, mgongo unauma, na hiki ndicho kipimo kinachotaka akili kuliko vyote. Amplifaya inapeleka mlio kupitia rezista ya omu 100 ya wati 10, kisha sabufa niliyoishikiza kwa muda kwenye boksi, na mita inasoma volti kwenye sabufa. Natoka hezi 80 kushuka moja moja hadi 15. Namba inapanda, inashuka, inapanda tena. Lile bonde kati ya vilele viwili ndilo hezi za boksi. Limekaa kwenye 32. Nililitarajia: tundu linalotumia kuta za boksi lenyewe hujihisi refu kuliko kalkuleta inavyosema, ndiyo maana mbao ile huachwa bila gundi. Kukata ni rahisi, kurefusha ni taabu.

Hezi moja hapa ni karibu sentimita tano. Nimekata kumi, 22.8 imekuwa 12.8, nikafunga tena na kupima tena. Thelathini na tatu na nusu. Joto la hewa peke yake, kati ya usiku wa Julai na mchana wa Februari, linaweza kusogeza nusu hezi au zaidi, kwa hiyo sikuendelea. Gundi imeingia, kifuniko kimefungwa kwa gundi na skrubu, vibano vimekaa.

Kesho kapeti, halafu sabufa. Kwenye amplifaya chujio linalokata sauti za chini litawekwa hezi 28, linalokata za juu 80, na karatasi ndogo yenye namba hizo nitaibandika ubavuni mwa boksi, ili fundi mwingine atakayelifungua ajue lilihesabiwa vipi.